Ujumbe kwa Watu Mia Mbili

Mama Pacha alishona sare za shule kwa miaka minane. Kisha akajifunza kuandika programu za kompyuta. Mwaka mzima kompyuta yake ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi. Sasa ameajiriwa katika ofisi ndogo yenye meza nne. Yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Akiharibu kazi, anarudi kwenye cherehani, na hataki hata kulisikia hilo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kliniki ya macho siku yao ya kuja. Alhamisi mchana aliijaribu mara mbili, ikagoma. Mara ya tatu alibonyeza kitufe, kompyuta ikaonyesha kwamba ujumbe umetumwa. Akarudi nyumbani na furaha zake.

Jioni alimkuta mama mkwe anapiga pasi gauni.

"Safari ya wapi, mama?"

"Kliniki ya macho. Soma mwenyewe."

Mama Pacha alichukua simu, akasoma: "Njoo kliniki kesho saa mbili asubuhi. Jaribio la tatu."

"La kwanza na la pili mbona sikuitwa?" mama mkwe aliuliza. "Wananibagua?"

Mama Pacha aliusoma tena ujumbe. Kumbe alikuwa ametumia orodha ya wagonjwa wa kweli! Watu mia mbili na zaidi, wengi wao wazee, mama mkwe akiwamo.

"Nyamaza tu," mumewe alisema. "Watadhani kliniki imekosea."

"Wazee wahangaike bure kwa sababu yangu? Hapana."

Alimpigia Mrefu, mwenzake wa ofisini mwenye uzoefu wa miaka kumi.

"Kaka, nimeharibu." Akaeleza yote.

"Afadhali umesema mapema," Mrefu alijibu. "Washa kompyuta. Waandikie haohao kwamba ujumbe wa mchana ulikuwa wa makosa, siku zao hazijabadilika. Mimi nawapigia bosi na muuguzi wa kliniki."

Asubuhi walifika kliniki watu watatu tu, ambao hawakuuona ujumbe wa pili. Muuguzi aliwapima wote.

Ofisini Mrefu alivuta kiti. "Ulipokuwa unajifunza kushona, ulijifunzia kwenye kitambaa cha mteja?"

"Thubutu! Kwenye vipande chakavu."

"Na huku ni vivyo hivyo. Tengeneza orodha ya kujaribia. Weka majina ya kubuni na namba zetu wenyewe. Programu ikikosea, tutasumbuka sisi. Halafu kabla haijaenda kwa watu, mwenzako aikague. Hata zangu hukaguliwa."

"Hata zako?"

"Niliwahi kufuta majina ya chuo kizima. Kilichoniokoa ni nakala niliyokuwa nimeihifadhi pembeni."

Mama Pacha alitengeneza orodha ya watu watano. Alipojaribu tena, simu ya Mrefu ililia mara arobaini.

"Jamani, dada, nihurumie!"

Walicheka, kisha wakalitafuta kosa pamoja, wakalirekebisha. Kliniki ilipoanza kuitumia programu hiyo, wagonjwa waliosahau siku zao walipungua sana.

Mwezi wa tatu ulipoisha, bosi alimwita.

"Ule ujumbe ulinikera sana," alisema. "Lakini nilipata habari zake kutoka kwenu, si kwa wagonjwa. Mkataba wako huu, weka sahihi."

Mama Pacha alimpigia mumewe akiwa kwenye ngazi.

"Wameniajiri moja kwa moja."

"Sasa mbona unalia?"

"Niache nilie kidogo. Nakuja."