Kadi ya Marehemu Bi Verlene

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kituo cha mafuta pale Shreveport, Odessa aliposimama kaunta na pakiti ya peremende. Pakiti moja tu. Akalipa kwa kadi ya marehemu mama yake, akairudisha mkobani harakaharaka.

Msimwite mwizi kwanza. Ndoa yake ilipovunjika, madeni yote yalibaki kwenye jina lake, na alama zake za mkopo, zile zinazompima mtu kama hulipa madeni yake, zikaanguka vibaya. Kule kwao, bila alama hizo hupati hata nyumba ya kupanga. Na mahakama ilikuwa imeshasema: binti yake, Jolie, atakaa kwa baba yake mpaka Odessa awe na nyumba yake mwenyewe.

Mama yake, Bi Verlene, ndiye aliyemwokoa. Alimwandikisha kwenye kadi yake ya mkopo ya zamani, ambayo hakuwahi kuchelewa kuilipia. "Jina lako likikaa karibu na langu, watakuona mtu," alimwambia. Kweli, alama zikaanza kupanda. Kisha Pasaka ikapita, na Bi Verlene akafa.

Siku ile ile ya mazishi, sahani ya kuku mkononi, binamu yake Renita alimvuta pembeni.

"We Dessa, usiwaambie benki. Kadi ikifungwa, alama zako zinaporomoka zote. Nunua kitu kidogo kila mwezi, lipa, nyamaza. Isilale tu."

Sheria inakataza. Lakini kila Jumapili Jolie alipiga simu na kuuliza, "Mama, nyumba tayari?" Haya, mpelekeeni mama huyo habari za sheria.

Jioni hiyo alirudi kwa Renita, alikojibanza chumba cha nyuma. Renita alikuwa kazini. Kabla hajavua viatu, simu ikatoa mlio. Ujumbe wa benki.

Kadi imetumika. Duka la dawa, sasa hivi.

Odessa akapekua mkoba. Kadi ilikuwamo...

Ndipo harufu ikamfikia. Kafuri. Dawa ya kuchulia magoti, ile aliyoinusa utoto wake wote. Halafu barazani, kitu kikaburuta.

Kwaru... kwaru...

Nywele zikamsimama. Akasogea hadi kwenye mlango wa wavu.

Alikuwa mama yake.

Amevaa gauni jeupe walilomzikia na kofia yake ya kanisani. Miguu ilikuwa mitupu, imevimba, imejaa udongo mwekundu. Mkononi alishika mfuko wa duka la dawa.

"Nimekuletea dawa ya kifua," alinong'ona. "Nimesikia unakohoa."

"Mama..."

"Nimechoka, mwanangu. Kila ukiitumia kadi, jina langu linaitwa, na nikiitwa lazima niinuke. Baba yako ananingoja njiani na dada zangu wote. Ifunge, nami nilale."

Odessa alimpenda mama yake kuliko pumzi yake. Lakini alama zilikuwa zimebakiza kidogo tu, na kadi yake mwenyewe, aliyopewa kwa kuweka dhamana benki, bado ilikuwa changa. Akashika wavu, machozi yakimtiririka.

"Mwezi mmoja tu, Mama. Kwa ajili ya Jolie."

Bi Verlene aliuweka mfuko chini, barazani.

"Haya. Kwa ajili ya Jolie."

Akageuka, akaenda zake akichechemea. Asubuhi, Renita alikuta mfuko wa dawa barazani, akamwaga chumvi kizingitini bila kuuliza swali. Wa kwao wanajua chumvi humzuia mfu asivuke mlango.

Mwezi uliofuata Odessa akanunua peremende tena. Na mwezi uliofuata. Mama alikuja kila alipoitwa, kila mara ameinama zaidi. Hakuomba tena kufungiwa kadi. Aliuliza tu, "Bado?" Na Odessa alijibu, "Bado kidogo, Mama."

Waswahili tunasema mchuma janga hula na wa kwao. Hatukusema kama waliozikwa nao hukaribishwa mezani.

Mwishowe mwenye nyumba mmoja alitazama alama zake, akatabasamu, akampa ufunguo. Jolie aliletwa Jumamosi. Odessa alimkumbatia hadi mtoto akalalamika. Kisha akapiga simu benki, akasema mama yangu amekufa, naomba mfunge kadi yake. Akaikata kadi vipande kwa mkasi wa jikoni, akilia kwa sauti.

Magharibi ikaingia. Jolie alikuwa chumbani akipanga vitabu.

Kafuri...

Kwaru... kwaru...

Odessa akatoka mbio barazani.

"Mama, nimeifunga! Nimeikata! Nenda ukalale!"

"Najua, mwanangu. Nilienda." Bi Verlene aliketi kwenye ngazi taratibu, kama afanyavyo mgonjwa wa magoti. "Sikumkuta mtu. Waliningoja wakachoka, wakatangulia. Na mimi njia siijui."

Odessa akapiga magoti. Alitaka kumshika ile miguu, mikono ikamgandia hewani.

"Nisamehe, Mama."

"Usinitolee kiti. Hapa hapa panatosha."

Sauti ya Jolie ikatoka ndani.

"Mama? Unaongea na nani?"

Odessa alifungua kinywa aseme hakuna mtu. Bi Verlene aliinua uso akamtazama, yeye pia akingoja jibu.