Bosibori Ajivalisha Kibao

Jumamosi asubuhi, Bosibori alikuwa shambani Nyaramba akichuma chai na baba yake, Ratemo. Walipomaliza wakaoga, wakavaa nguo za safari. Siku hiyo vijana wa kanisa walikuwa wanaenda Kisii mjini, kutembelea nyumba ya sanaa.

Ratemo ndiye alikuwa kiongozi wa vijana. Mtu mzuri sana, lakini akishika neno haachi. Mfukoni alibeba kibao chenye kamba, kama kile cha shuleni. Ukiongea Ekegusii, lugha ya nyumbani, unavalishwa shingoni.

"Huko ni kwa watu wamesoma," akawaambia. "Ni Kiingereza tu. Sitaki tuchekwe."

"Na wenye Kiingereza inawakwama kooni, Tata?" Bosibori akamuuliza baba yake.

"Wanyamaze. Kunyamaza si makosa."

Basi wakafika. Linet, mama wa kutembeza wageni, akawasimamisha mbele ya sanamu ya jiwe laini la Tabaka, kule wanakochonga mawe. Ni mwanamke amebeba mtungi.

"Mnaona nini hapa?" akauliza kwa Kiingereza.

Akauliza tena kwa Ekegusii. Vijana wakaangalia mfuko wa Ratemo.

"Haya, kama hakuna neno, twende mbele," Linet akasema.

Bosibori hakusogea. Mama yake alizaliwa Tabaka. Kila likizo yeye husugua mawe huko na shangazi zake, kwa msasa na maji. Alikuwa na swali kuhusu jiwe hili, na wakipita, swali limekufa.

"Tata, nipe hiyo kibao."

"Wewe hujakosea."

"Nataka kukosea."

Akajivalisha mwenyewe. Akashika kiuno, akasema kwa Ekegusii: "Huyu mama amesuguliwa upande moja. Huu mwingine bado unakwaruza. Tabaka hatuuzi jiwe hivi. Kwa nini wameacha?"

"Fundi alienda chakula," kijana mmoja, Ronny, akasema kwa Ekegusii. Vijana wakacheka.

"Hapana," mwenzao Gladys akajibu. "Huyo ni mama mwenyewe. Amebeba wengine mpaka hana saa ya kujisugua."

Ronny akamgeukia Ratemo. "Mzee, na sisi tuvae?"

"Iko moja tu," Ratemo akasema kwa hasira. "Dada Linet, sasa hawa Kiingereza watajua lini?"

"Sasa hivi, mzee," Linet akasema. "Kwanza mtu aangalie, aseme kwa lugha inamtoka. Akishajua anachotaka kusema, ndio unampa neno la Kiingereza. Si kutafsiri kila kitu. Ni kuongea kwa lugha mbili, kila moja na kazi yake."

Akawapa neno la Kiingereza la kukwaruza, na la kuteleza. Bosibori akauliza swali lake tena, mara hii kwa Kiingereza. Kilikuwa kinachechemea, lakini kilifika. Linet akamjibu kwa Kiingereza hicho hicho: fundi aliacha makusudi, ili watu wabishane.

Ratemo akazunguka ile sanamu, mikono nyuma. Kibao hakuomba kurudishiwa.

Siku hizi pale vijana wanatembezwa kwa Ekegusii na Kiingereza. Linet amemfundisha Bosibori kazi hiyo. Juzi Bosibori alitembeza kikundi cha vijana wa Kenyenya, na walibishana mpaka askari wa mlangoni akaja kuuliza kama kuna vita.

Mwenye kelele nyingi alikuwa nyuma, anapiga mdomo kwa Ekegusii kuhusu picha ya ng'ombe, eti mguu umechorwa vibaya.

"Tata," Bosibori akamwambia baba yake, aliyekuja kumsindikiza, "ngoja zamu yako. Vijana kwanza."