Kisu Butu cha Mama Mitchell

Wenzangu wa Makongeni, haya nimeyasema kwa mdomo mpaka nimechoka. Sasa nayaandika.

Mwaka wa 1994 jioni za ploti yetu hapa Thika zilikuwa za amani. Wafanyakazi wakitoka viwandani walipitia kibanda cha Nekesa, mama yake Mitchell, mbele ya lango letu, kununua sukuma wiki iliyokatwa tayari. Nekesa alikunja majani yakawa fungu moja, akalishika kwa mkono wa kushoto, na kisu katika mkono wa kulia kilipita juu yake kwa wepesi, mboga ikianguka nyembamba kama nyuzi. Kodi ya nyumba na karo ya Mitchell vilitoka katika mikono hiyo, maana Tobias, mumewe, alipata kibarua cha ujenzi mara mojamoja.

Siku moja Tobias alirudi kutoka kwa kinyozi na habari kwamba huko Ruiru mwanamke amemchoma mumewe kisu. Hakuuliza ni nani wala kwa nini. Alichukua kisu cha mkewe, akakisugua makali kwenye ngazi ya saruji mpaka kikawa kama mwiko.

"Baba Mitchell, unafanya nini na kisu changu?"

"Kisu kikali si cha kuweka kwa nyumba. Hiki sasa hakiwezi kuumiza mtu."

"Na mboga nitakata na nini? Meno?"

"Kata pole pole. Kwani unakimbizwa?"

Jamani! Alikuwa akikimbizwa, na tumbo la huyo huyo Tobias ndilo lililomkimbiza.

Wateja waligundua mara moja. "Mama Mitchell," Awiti wa nyumba ya pili aliuliza, "hii sukuma umekata ama umetafuna?" Watu wakacheka. Majani yalikuwa yamepondwa, yakatoa maji, na kabla ya kufika kwenye sufuria yalishaanza kuwa meusi.

Nilimwendea Tobias. Nilimweleza nilichojifunza katika masomo ya jioni ya watu wazima: makali membamba huzama kwenye jani kwa kuvutwa kidogo tu, lakini kisu butu hakizami, kwa hiyo mkataji hulazimika kukandamiza. Kikiteleza, nguvu yote ile huenda kwenye vidole. Na akiwa anakata mbio, hawezi kuuzuia mkono.

"Mzee Munyao," akanijibu, "wewe endelea na masomo yako. Mimi nataka kulala usingizi."

Wanaume waliokuwa wakicheza drafti langoni wakamshangilia. Mlikuwepo! Kaleli, yule mnoa visu wa baiskeli, alipopita, Tobias alimfukuza kama mwizi, na hakuna hata mmoja wenu aliyefungua kinywa.

Mwisho wa mwezi ukafika, na wateja wakajaa kibandani. Wengi walitaka kabichi.

"Harakisha bana, mama! Stovu nimeacha ikiwaka!"

Nekesa aliharakisha. Kisu kiligoma kwenye moyo mgumu wa kabichi, akakiegemea kwa uzito wake wote. Kikateleza, kikaingia kwenye mkono wa kushoto, chini ya vidole.

Hospitalini Tobias alikuwa bado anabishana. "Lakini kilikuwa butu, sista! Nilikifanya butu mwenyewe!"

"Ndiyo maana nyama imechanika hivi," muuguzi akamwambia. "Chenye makali kingeacha kidonda safi, kikashonwa vizuri."

Kidonda kilipona, lakini vidole viwili havikunjiki tena. Nekesa hawezi kushika fungu la sukuma. Kibanda kilichukuliwa na mwingine, na Mitchell akapelekwa kwa nyanya yake Bungoma kwa kukosa karo. Siku ya kumsafirisha mtoto, Tobias alianza kuomba msamaha mbele yetu. Nekesa alimtazama.

"Miaka yote hiyo nimelala kando yako na kisu kikali ndani ya nyumba. Nilikukata lini?"



FUNZO

Kisu cha kazi kinolewe. Chenye makali hutaka mkono mwepesi, nacho hutii. Kilicho butu hutaka nguvu, na nguvu ikichanganywa na haraka huumiza. Ikiwa huna budi kutumia kilicho butu, punguza mwendo, na mteja angoje.

Nawe mume unayemwogopa mkeo, keti naye mzungumze. Ukiharibu chombo chake cha kazi, hofu yako haitapona, na watoto wako watalala njaa.