Babu wa Kwenye Chupa

Mama mmoja kutoka Nansio, kule kisiwani, alipiga magoti kando ya kitanda cha binti yake, akaisogelea chupa iliyoning'inia kwenye ukingo wa kitanda, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, babu." Chupa ikatoa povu.

Chupa ile haikupaswa kutoa povu. Binti, Winnie, alikuwa amepasuliwa tumbo na kutolewa jipu, na daktari akamwachia mrija mwembamba ubavuni, ule ambao manesi huuita dreni, ili uchafu uliobaki utoke polepole. Chupa ya dreni hunyonya kimya. Hii iligugumia kama mtu anayemalizia soda, na kilichokuwemo hakikuwa damu wala usaha. Yalikuwa maji ya rangi ya tope, yananuka magugumaji na dagaa walionyeshewa mvua.

Sista Josepha, msimamizi wa wodi ile ya upasuaji, aliona yote hayo akacheka. Alikuwa mwanamke wa kucheka watu. Wagonjwa wa visiwani aliwaita watu wa dagaa, wa vijijini aliwaita watu wa pamba, na waliotoka Mkuyuni, hapahapa mjini, aliwaita wababaishaji. Wazee wenye mvi aliwapita bila salamu, akisubiri waanze wao. Gladness, nesi mgeni kazini, alishaambiwa mbele ya wodi nzima kwamba mikono yake inafaa kuparua samaki soko la Mwaloni. Hakuna aliyemjibu Josepha hata siku moja. Walimchekea usoni na kumsema chooni, wote, na mimi sioni kama wao walikuwa bora kuliko yeye.

Dorotea, mama yake Winnie, alimweleza Josepha mambo bila kuficha. Binti alioga ziwani mahali pasipoogwa, na mzee wa majini akamwingia. Jipu lilikuwa kiti chake. Daktari amekiondoa kiti, na sasa mwenyewe anatoka kidogo kidogo kupitia mrija, mradi kila asubuhi mtu anayempenda mgonjwa amwamkie na kumwambia: huyu ni wa kwetu, tunamtaka. Akimaliza kutoka, maji yatakauka, na mrija utatolewa bila shida.

"Akivutwa kabla hajamaliza," Dorotea alisema kwa kunong'ona, "anahamia kwa mkono uliomvuta."

"Mama, hapa ni hospitali," Josepha akamjibu. "Michezo hiyo mkaichezee Nansio."

Daktari Nathaniel hakuamini habari za majini na mapepo, lakini naye alikuwa ameagiza dreni isiguswe mpaka maji yapungue. Kwa hiyo mama wa kisiwani na daktari wa chuo kikuu walikuwa wamekubaliana bila kujua. Aliyebaki na akili zaidi ya wote ni Josepha. Wakaguzi walikuwa njiani kuja, yeye alitaka wodi yake inukie sabuni, na hakuwa tayari kukutwa na mwanamke aliyepigia magoti chupa ya maji machafu.

Mchana, Dorotea alipotoka kufuata uji, Josepha alisogeza toroli hadi kwa Winnie aliyekuwa amelala. Utaratibu wa kutoa dreni anaujua kila nesi: unavaa glavu, unaifungua chupa kwanza iache kuvuta, unakata uzi, unamwambia mgonjwa ashushe pumzi, ndipo unavuta taratibu. Josepha alikata uzi tu. Glavu hazikuwepo kwenye toroli, na kumtuma Gladness aliona ni kumpa nafasi nyingine ya kukosea.

"Sista," Gladness alinong'ona, "chupa bado inavuta. Na maji hayajapungua."

"Nimekuuliza?"

Akavuta. Mrija ulitakiwa kuwa na urefu wa shibiri mbili hivi, lakini ulikuja na kuendelea kuja, ukajikunja juu ya shuka kwa duara juu ya duara, umelowa, una utelezi wa kijani na magamba madogomadogo, na Josepha aliyekuwa ameanza kwa kuvuta aligundua kwamba sasa havuti tena, kwamba kile kitu kinasukumwa kutoka ndani, chenye joto, na kwamba kila alipotaka kukiachia vidole vyake vilikataa kufunguka, mpaka ncha ikatoka, ikamzunguka kifundo cha mkono mara moja kama bangili, ikatulia, na ubaridi ukamwingia chini ya kucha na kupanda hadi kwenye kiwiko, begani, kisha ukashuka tumboni na kukaa. Harufu ya tope iliondoka kitandani kwa Winnie na kusimama mahali aliposimama yeye.

Winnie akaamka na kuomba chakula. Alipona upesi kabisa, wakarudi Nansio yeye na mama yake, na Josepha hakuwaaga.

Kwanza wagonjwa walianza kufunika pua alipopita. Halafu tumbo lake likaanza kugugumia mbele ya wakaguzi, kwa sauti, wakati yeye anawaeleza habari za usafi. Manesi wenzake walitazamana wakayabana macheko. Walifurahi, tusidanganyane. Asubuhi moja mzee Nkwabi, aliyelazwa kwa ajili ya mshipa wa ngiri na angeweza kuwa baba yake, alimwambia, "Habari za asubuhi, sista." Mdomo wa Josepha ukajibu kwa sauti ya kiume, nzito, ya mtu mzee sana: "Marahaba, mjukuu."

Mzee Nkwabi alijifunika shuka hadi kichwani na hakutoka humo mpaka jioni.

Tumbo lilipovimba kiasi cha kutoweza kufunga vifungo vya gauni, Daktari Nathaniel alimpasua. Hakukuta kitu isipokuwa maji ya tope. Akamwekea dreni na kumlaza katika wodi yake mwenyewe, kwenye kitanda kilekile alicholala Winnie, ambacho wengine wote walikuwa wanakikwepa. Maji yaliyoingia kwenye chupa usiku yalikuwa tumboni tena kulipokucha. Mwili wake ulikuwa unaisha, kila mtu aliliona hilo, na Daktari Nathaniel, baada ya kuzunguka sana na maneno ya kitaalamu, akakubali Dorotea aitwe.

Dorotea alikuja kwa meli ya asubuhi. Hakuja kumcheka mtu. Alipiga magoti, akaamkia, na chupa ikatoa povu. Akamwomba babu atoke.

"Wewe nilikusikia kwa sababu ya mwanao," ile sauti ilisema kupitia midomo iliyokauka ya Josepha. "Huyu si wako. Walio wake wako wapi?"

Kaka yake Josepha, Rwekaza, alikuwa ameshapigiwa simu. Alisema yuko kwenye kikao. Akapigiwa tena, akasema kikao kinaendelea. Mume hakuwepo, rafiki hakuwepo. Dorotea akawageukia waliokuwa wamezunguka kitanda, akawaambia anatosha mtu mmoja tu, yeyote, lakini amaanishe anachosema, maana babu anaujua uongo.

Daktari Nathaniel akakohoa, akasema, "Tunamtaka. Ni mfanyakazi mzuri."

"Unataka wodi yako iende," sauti ikasema, na ikacheka kicheko kilekile ambacho Josepha aliwachekea watu wa dagaa.

Manesi wakaangalia viatu vyao. Watu wote wale waliokuwa wakimchekea kila asubuhi, wakamsifia gauni, wakamchangia keki ya kuzaliwa, hakupatikana mmoja. Macho ya Josepha bado yalikuwa yake mwenyewe. Yalipita uso kwa uso, yakiomba kwa namna ambayo hayakuwahi kumwomba mtu, mpaka yakamfikia Gladness na kubaki hapo, na mkono wake ukanyanyuka kidogo kutoka kwenye shuka na kumtafuta.

Gladness aliushika mkono ule. Ulikuwa wa baridi, na kucha zilitoa maji. Alipiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Huyu unamtaka?"

Gladness alimtazama usoni msimamizi wake. Alitamani sana kusema ndiyo, kwa sababu mwanamke huyu angekufa mbele yake kwa kukosa neno moja. Alitafuta moyoni mwake siku moja, salamu moja, asante moja, kitu chochote kidogo ambacho angeweza kukishika na kusimama nacho. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko wote waliosimama pale walivyowahi kumtafutia Josepha jambo jema, na Dorotea alimsubiri bila kumharakisha.

"Simtaki, babu," akasema hatimaye, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Namhurumia tu."

"Umesema kweli," sauti ikamjibu, kwa upole kabisa.

Chupa ikaacha kutoa povu. Maji yakaanza kupanda kwenye mrija, taratibu, yakirudi tumboni, na Josepha akayatazama yanavyokuja.