Kuku Mwekundu wa Nyemo

— Hilda, acha hiyo mboga. Njoo uone kitu.

Nilikuwa nachambua majani ya mlenda. Sauti ya Lydia haikuwa ya mtu anayetaka kukuonyesha mshono wa gauni, kwa hiyo nikafuta mikono kwenye kanga nikaenda. Mimi na yeye tunaishi nyumba moja, walimu wa shule ya msingi huku upande wa Gulwe. Treni inapita hapa inapiga honi, inatuachia vumbi, inaendelea na safari zake.

Kwenye simu ilikuwa stetasi ya Elisha. Elisha ndiye mchumba wake, ofisa mradi wa shirika la kusaidia watoto lenye ofisi yake Dodoma mjini. Kijana mtanashati, mpole, anaongea vizuri mpaka unaweza kumpa funguo za nyumba yako. Alikuwa ameweka picha ya bweni jipya la wasichana huko Kibakwe. Utepe umekatwa, wafadhili wanapiga makofi, watoto wamekaa juu ya magodoro ya bluu wanacheka.

— Bweni zuri, nikasema. Shemeji anachapa kazi.

— Kuza picha. Hapo kushoto, godoro la kwanza.

Nikakuza. Kwenye kona ya godoro alikuwepo kuku ameshonwa kwa uzi mwekundu. Kuku wa miguu mitatu.

— Mungu wangu! Lydia, si kuku wa Nyemo huyu?

— Ndiye.

Kuku kama yule hayupo mwingine Tanzania nzima. Siku magodoro yalipoletwa kwenye bweni letu, Nyemo wa darasa la sita alichukua uzi wa stadi za kazi akamshona pale konani ili alijue godoro lake. Mguu mmoja akaukosea, akaogopa kufumua asije akatoboa kitambaa, akaongeza mwingine. Wenzake walimcheka mpaka basi.

— Chekeni tu, akawaambia. Wangu ana spea, kama gari.

Sasa hapa lazima niwaeleze, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini kuku yule alimshtua Lydia hivyo. Nyemo kwao ni ng'ambo ya korongo, mbali, na mvua zikianza hakuna mtoto anayevuka pale. Baba yake, Mzee Ndahani, mfugaji, alikuwa ameshasema mtoto aache shule. Lydia alimfuata nyumbani mara nyingi mpaka mbwa wa pale wakamzoea. Mwisho mzee akakubali mtoto alale bwenini. Alimwambia Lydia:

— Nakupa wewe, mwalimu. Sio serikali, sio shirika. Wewe.

Bweni likafunguliwa, wafadhili wakaimbiwa, wakapiga picha, wakaondoka. Haukupita muda likaja lori kuchukua magodoro. Elisha akampigia Lydia akamwambia yamegundulika yana kunguni, yanapelekwa kupigwa dawa, wazazi wawachukue watoto wiki mbili tu. Na Lydia, kwa mdomo wake mwenyewe, akawaambia wazazi: wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa miezi. Watoto wa mbali wengine wakawa wanakuja wakiweza, Nyemo hakuonekana kabisa. Kila Lydia akiuliza, jibu ni lile lile, watu wa dawa wanazungusha.

Akapiga simu pale pale, akaweka spika.

— Haloo, mama watoto! Nilikuwa nakuwaza sasa hivi. Mjomba Obedi amethibitisha, Jumamosi tunakuja Miyuji kwa baba yako. Umeshachagua kitambaa?

— Elisha, magodoro yetu yako wapi?

— Si nilikwambia, mpenzi? Yako kwenye dawa.

— Dawa inapigwa Kibakwe?

Nilisikia mlango ukifungwa huko alikokuwa.

— Lydia, nisikilize. Sio kama unavyofikiri.

— Mimi sijafikiri kitu. Nimemuona kuku wa Nyemo kwenye stetasi yako, amekaliwa na mtoto mwingine.

— Kuku gani tena?

Hata hakujua! Magodoro ameyapakia, ameyashusha, ameyapiga picha, kuku hajamuona.

— Nijibu, Elisha.

— Sawa. Magodoro tuliyonayo ni ya bweni moja. Wafadhili wakija wanataka kuona bweni limekamilika. Tunafungua hili, tunahamisha, tunafungua lile. Wakiridhika wanaleta fungu kubwa, tunanunua ya kila mahali. Ndivyo kazi zinavyokwenda, Lydia. Ukimuonyesha mfadhili chumba kitupu anapanda gari lake anaondoka.

— Na watoto wangu wanalala wapi?

— Ni kwa muda tu...

— Nimekuuliza wanalala wapi.

— Makwao. Si tulikubaliana wazazi wawachukue?

— Tulikubaliana kuhusu kunguni! Kwa nini hukuniambia ukweli?

— Ungekataa.

— Ningekataa nini? Ungeniambia ukweli ningewalaza kwenye mikeka! Hawa watoto kwao wanalala juu ya ngozi za ng'ombe, Elisha, godoro ni starehe tu. Wangelala sakafuni na bado wangekuwa shuleni. Wewe ulinifanya niwatoe bwenini kwa mkono wangu.

— Bebi, usilie. Nitayarekebisha. Nakupenda.

— Na mimi nakupenda, Lydia akasema, akakata simu. Halafu akalia kweli kweli.

Asubuhi tukafunga safari kwa Mzee Ndahani. Korongo lilikuwa limeanza kuwa na maji ya magotini. Tulimkuta anaziba pengo la zizi kwa miiba, na ndani ya zizi niliona ng'ombe wageni. Ng'ombe wageni kwa mzee mwenye binti ni mahari.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mbukwenyi, walimu, akatusalimia kwa Kigogo.

— Mbukwa. Tumemfuata Nyemo, Lydia akasema. Hata kama bweni halina magodoro, atalala nyumbani kwangu.

Mzee hakuacha kupanga miiba yake.

— Umechelewa, mwalimu. Wamekuja watu wa Kiteto wamemchukua. Ameolewa.

— Ameolewa! Nikapaza sauti mimi, maana mdomo wangu haunaga breki. Mzee, mtoto ana miaka kumi na minne! Hiyo ni jela!

— Jela nimesikia. Mwenzio nilimpa mtoto, akamrudisha. Nikasema basi, mwalimu mwenyewe ameshindwa.

— Nilikwambia wiki mbili, mzee, Lydia akasema kwa sauti ndogo.

— Nilizisubiri. Yeye ndiye alizisubiri kuliko mimi. Kila Jumapili anafunga begi lake, anakaa nalo pale mlangoni. Jioni anafungua. Baadaye mama yake akaniambia lifiche hilo begi, mtoto anaumia.

Lydia alikaa chini, kwenye samadi, na sketi yake ya kazini. Mimi nilitaka kumtukana yule mzee na sikuweza, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli na bado alikuwa amefanya ubaya. Tukaenda kwa mtendaji wa kata, tukaenda polisi dawati la jinsia. Mzee akachukuliwa maelezo, akaachiwa kwa dhamana. Lakini wale watu wa Kiteto walikuwa wameshahama na mifugo, na hakuna aliyejua wako pori gani.

Jioni Elisha akatuma meseji: "Nakuomba tusiharibu siku ya wazee kwa mambo ya kazini. Jumamosi tumalize, halafu nitakueleza kila kitu." Lydia akaandika neno moja, "Njooni."

Jumamosi Miyuji kulipikwa, kukafagiliwa, viti vikaazimwa kwa majirani. Baba yake Lydia, Mzee Bartolomayo, alikuwa amevaa koti lake la Pasaka. Upande wa pili alikaa mjomba Obedi na wazee wenzake, na Elisha katikati yao, macho mekundu, shati jeupe. Walikubaliana ng'ombe, wakakubaliana mbuzi, wakataniana. Halafu, kama desturi ilivyo, binti akaitwa aulizwe. Nikamtoa chumbani nimemshika mkono.

— Mwanangu, baba yake akasema, hawa wageni unawafahamu?

— Nawafahamu, baba.

— Wameleta mahari. Tule, au tusile?

Shangazi walikuwa wameshafungua midomo kupiga vigelegele.

— Msile, baba.

Mjomba Obedi akadhani hajasikia vizuri.

— Binti, rudia.

— Msile. Nisameheni wazee wangu. Mimi nimeulizwa. Nina mwanafunzi anaitwa Nyemo, hakuna aliyemuuliza. Wamekula ng'ombe wake, na aliyewafungulia mlango ni mimi, kwa sababu nilimwamini huyu.

— Lydia, tafadhali, Elisha akasema. Sio hapa.

— Ni hapa hapa. Waambie wazee kunguni walikuwa wangapi kwenye yale magodoro.

Elisha akainamisha kichwa. Mjomba wake akamgeukia.

— Kunguni gani? Ongea, kijana.

— Hawakuwepo, mjomba. Nilidanganya.

Hapo wengine walitegemea ugomvi. Haukuwepo. Mzee Bartolomayo alivua koti lake la Pasaka taratibu, akalikunja, akasema chakula kimeshaiva na mgeni haondoki na njaa. Tukala wali kama watu waliotoka kuzika.

Elisha alinifuata nje nikiosha vyombo.

— Dada Hilda, niombee kwake. Mimi sio mtu mbaya.

— Najua sio mbaya. Ungekuwa mbaya tungekushtukia mapema.

— Nifanye nini?

— Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayejua kuhamisha vitu, shemeji. Vihamishe virudi.

Nilimwita shemeji kwa mazoea, ikaniuma.

Na kweli, siku chache baadaye lori likasimama mbele ya bweni letu. Elisha mwenyewe ndiye aliyekuwa anashusha magodoro, kichwani, moja moja. Lydia alitoka darasani na chaki mkononi.

— Na watoto wa Kibakwe umewalaza wapi?

— Nimewanunulia ya kwao. Nimeuza wale ng'ombe wa mahari. Mjomba hanisemeshi. Ofisini nimewaandikia wafadhili ukweli, nimefukuzwa jana.

— Pole.

— Nimerudisha kila kitu, Lydia. Na sisi?

— Hujarudisha kila kitu.

Alielewa. Akapandisha ubao wa lori, akaondoka bila hata kunywa maji. Watoto wakaingia bwenini wanapiga kelele, kila mmoja akashika lake. Lile la kuku wa miguu mitatu likabaki tupu, Lydia akalitandika mwenyewe.

Mvua zikaanza, korongo likajaa. Hatukumsikia Elisha. Mimi nilisema ameshapata kazi nyingine na mchumba mwingine, wanaume ndivyo walivyo. Nilikosea. Jioni moja tukiwa tunasahihisha madaftari, simu ya Lydia ikaita. Namba ngeni, akaweka spika.

— Lydia, ni mimi. Niko Kiteto, na polisi. Tumempata.

— Yuko hai?

— Yuko hapa. Ongea naye.

Simu ilikuwa inakwaruza. Halafu kikasikika kisauti.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba mwanangu! Nyemo! Marahaba! Uko salama?

— Niko salama.

— Unarudi, mwanangu. Hao polisi watakuleta. Unarudi shule, nakungoja mimi mwenyewe.

— Mwalimu, nina mimba.

Lydia alifumba macho.

— Hata hivyo utarudi. Siku hizi wanarudi, inaruhusiwa. Ukishajifungua unarudi darasani.

— Nitarudi nyumbani kwa mama. Darasani sijui. Naona aibu.

— Aibu sio yako, Nyemo.

Yule mtoto akauliza kitu kingine.

— Godoro langu lipo?

— Lipo. Nimelitandika.

— Na kuku wangu?

— Yupo na miguu yake yote.

— Mpe Mbeleje, mdogo wangu. Yeye bado mdogo, mwalimu. Muwahini mapema.

Simu ikarudi kwa Elisha. Nilimsikia anapumua.

— Umesikia?

— Nimesikia. Asante, Elisha. Asante sana.

— Sikuuliza kuhusu sisi.

— Nitakujibu hata hujauliza. Nakupenda. Sijawahi kuacha hata siku moja, na ndilo linalonitesa. Lakini kila nikikuangalia nitamuona mtoto amekaa mlangoni na begi. Siwezi kuishi hivyo, na wewe hutaweza.

— Haya, Lydia.

— Mlete salama kwa mama yake.

— Nitamleta.

Alimleta. Nasikia Elisha siku hizi anafundisha watoto wa jirani kusoma huko kwao, bure, na bado hajaoa.

Mbeleje ni wa darasa la nne. Safari hii Mzee Ndahani alimleta mwenyewe, akamvusha korongo begani, akamuweka mbele ya Lydia bila kusema nakupa wala sikupi. Alimuweka tu, akageuka. Tukampeleka mtoto bwenini. Akalikagua godoro, akamkuta kuku wa dada yake pale konani, akamgusa mguu wa tatu kwa kidole. Begi lake alikuwa hajalitua. Akamwangalia Lydia.

— Mwalimu, na hili litapelekwa kupigwa dawa?

Lydia akasema hapana. Akakaa pembeni ya yule mtoto, akamshika kichwa, akalia mbele ya bweni zima, na mimi sikumzuia.