Mkwe wa Jikoni

Walikutana kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, pumba zikiwarukia hadi kwenye nyusi. Osward, karani wa mashamba ya miwa, kapendeza kwa shati jeupe lililonyooshwa, akasimama karibu mno na gunia la Fausta, muuza mchele.

"Shati lako litachafuka, kaka."

"Likichafuka si utanifulia?"

"Kwani mimi mkeo?"

"Bado."

Fausta akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Ikawa simu asubuhi, simu jioni, mpenzi umekula, mpenzi umelala. Mama yake Osward alipovunjika mguu, maneno yakabadilika. "Nenda kamsaidie mama, mpenzi. Wewe si ndiye mkwe?" Fausta akafunga kibanda chake cha mchele, akahamia kwa mama. Akapika, akafua, akamwogesha. Wala hakulalamika, alijua anajenga kwake.

Jumapili moja Osward akaja na wenzake wa kazini kumjulia mama hali. Fausta alivaa gauni la kitenge aliloshonesha makusudi, maana aliahidiwa kutambulishwa siku hiyo. Akapita na jagi na beseni, akiwanawisha wageni mmoja mmoja.

"Wali unanukia huo!" akasema mwanamke mmoja. "Na huyu dada ni nani, Osward?"

Osward alikuwa amenyoosha mikono juu ya beseni. Hakuinua macho.

"Hausigeli wa mama."

Uhausigeli ni kazi, tena ya heshima. Restuta, dada yake Fausta, aliifanya mpaka akawasomesha wadogo zake. Lakini Restuta aliambiwa tangu mlangoni kwamba ameajiriwa. Fausta aliambiwa anaolewa.

"Mkwe wangu!" mama akaita kutoka chumbani. "Wageni wameshanawa?"

Wageni wakatazamana. Osward akachekacheka. "Dawa zinamchanganya mama."

Fausta akammiminia maji mpaka sabuni ikaisha mikononi, akamwachia beseni miguuni, akaingia chumbani.

"Shikamoo mama. Naondoka."

Mama alikuwa amesikia kila kitu. "Marahaba, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka.

Wiki iliyofuata Fausta alikuwa amerudi kibandani, anampimia mteja mchele, simu ikaita.

"Fausta, mpenzi, nisamehe. Niliona aibu ya kijinga tu. Nitakuoa, naapa."

Moyo ukamlipuka. Kumbe bado alimpenda, na hilo lilimuuma kuliko yote. Nyuma ya Osward watu walikuwa wakiongea na kucheka.

"Hao ndio wale wa Jumapili?"

"Ndio hao."

"Basi waambie. Sasa hivi, nasikiliza."

Kisha sauti ya yule mwanamke: "Osward, unaongea na nani?"

"Hausigeli wa mama," akajibu. "Anaomba kurudi kazini."

Fausta akakata simu. Akalia palepale mbele ya mteja, bila kujificha, kisha akamalizia kumpimia mchele wake.