Maji ya Kufulia na Bwawa la Perege

Roda alikuwa akifua mashuka ya gesti za Tunduma. Nyumbani kwake, eneo la Mpemba, maji ni ya shida, kwa hiyo hakumwaga hata tone. Yote yaliyotumika aliyatiririsha kwenye bwawa la samaki walilochimba yeye na mumewe, Sadoki.

Mwanzoni bwawa lilikuwa la kijani. Kisha maji yakawa maangavu, mpaka tope la chini likaonekana. Perege wakakonda. Wengine wakafa.

"Mama Angel, tulifukie," Sadoki alisema. "Tupande maharage."

"Hatufukii! Udongo wake nimeubeba kichwani. Kwanza nijue kinachowaua."

Roda akamwita Mbonile, afisa uvuvi. Mbonile alichota maji, akayatazama juani.

"Ule ukijani ni mwani, mimea midogo sana," alieleza. "Ndio chakula cha perege, na mchana huwapa hewa humo majini. Hapa mwani umekufa. Unamwaga nini, mama?"

"Maji ya kuoshea mboga. Ya sabuni. Na ya dawa ya kung'arishia mashuka."

"Tusibahatishe. Tupime."

Walichota maji ya kijani kwenye bwawa la jirani yao, Gwantwa. Wakayagawa katika chupa zinazoonyesha ndani. Moja hawakuitia kitu. Nyingine waliitia maji kidogo ya mboga, nyingine ya sabuni, nyingine ya dawa. Wakaziacha palepale penye jua.

Kila asubuhi Roda alizikagua kabla ya kugusa shuka. Chupa ya dawa ilipauka kwanza. Ya sabuni ikafuata polepole. Zile mbili nyingine zilibaki kijani.

Roda aliketi chini. "Kumbe ni mimi."

"Na mfereji nilichimba mimi," Sadoki alisema. "Jembe liko wapi?"

Walichimba shimo la maji machafu, mbali na bwawa na kisima, wakalijaza mawe. Maji ya kufulia yakaelekezwa huko. Roda hakuacha kazi yake, ila dawa alipima kidogo. Bwawani wakabadilisha maji kwa ya mvua kutoka batini, na Gwantwa akawapa ndoo za maji yake ya kijani.

Mvua zilipokolea, Mbonile alirudi.

"Mama, zamisha mkono hadi kiwiko. Unaona vidole?"

Roda aliinama. "Sivioni."

"Basi mwani umerudi."

Roda hakuutoa mkono. Alianza kucheka.

"Baba Angel, njoo! Kuna perege ananidonoa!"